Oshkosh, Friedrichshafen au Johannesburg: safari ya ndege za kujiundia kwa wawili kutoka Nairobi

Marafiki wawili wapenda ndege ndogo wakikaa chini kupanga safari ya ng'ambo, jina la kwanza mezani huwa Oshkosh, mji wa Marekani wenye mkutano mkubwa wa ndege. Linastahili. Lakini wengi huanza na jina, wakakata shauri, kisha mipango ikakwamia kwenye viza ya mmoja wao, au kwenye swali ambalo hawakujiuliza mapema: tunaenda kutazama, kujifunza kuunda, au kununua? Swali hilo ndilo linaloamua mwende bara gani.

Tunalinganisha sehemu tatu ambazo mtu wa Nairobi anaweza kuzifikia kwa tiketi ya kawaida: AirVenture ya Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, maonyesho ya AERO ya Friedrichshafen, Ujerumani, na Afrika Kusini, mkifanya Johannesburg kituo chenu. Uamuzi wetu tunautoa sasa hivi. Mnaotaka kuunda ndege kwa mikono yenu, nendeni Oshkosh. Mnaotaka kununua seti ya vipande mje mwiruke hapa nyumbani, anzieni Johannesburg, na sababu kubwa si nauli bali ni hewa, kama tutakavyoeleza. Friedrichshafen ni ya jozi ambayo mmoja wao ana biashara ya kufanya: injini, redio, propela, uwakala. Anayekwenda kule kwa hamu tu ya kuona ndege zikiruka atarudi hajashiba.

Kilichopo kila mahali

Oshkosh ni mkutano wa chama cha EAA (Experimental Aircraft Association, chama cha wanaojiundia ndege), kilichoanzishwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953. Mkutano wenyewe umekuwa kwenye uwanja wa Wittman, Oshkosh, tangu 1970, na huchukua wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili, mwishoni mwa Julai. Mwaka 2024 waandaaji walihesabu watu wapatao 686,000, na ndege zaidi ya 10,000 zilitua Wittman na viwanja vya jirani. Kwa wiki hiyo uwanja una sehemu kadhaa zilizo mbali kwa miguu: ndege za kujiundia, ndege kongwe, ndege za kivita za zamani, ndege nyepesi kabisa upande wa kusini, na za majini kwenye ziwa Winnebago. Msijaribu kuona zote kwa siku mbili. Jozi inayofika Ijumaa na kuondoka Jumapili hukuta wenye ndege wengi wameshaanza kurudi makwao. Fikeni Jumapili kabla ya ufunguzi, mkae angalau hadi Alhamisi. Maonyesho ya usiku huwa Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo mpango huo hauwanyimi ya Jumatano.

Kitu ambacho hakuna pengine mtakipata kwa wingi huo ni warsha. Mnaketi kwenye benchi, mnapewa bati la aluminiamu na riveti, fundi anasimama kando yenu. Na riveti ngumu ni kazi ya watu wawili hasa: mmoja anashika bunduki ya riveti upande wa kichwa, mwingine anaegemeza kipande kizito cha chuma upande wa pili ili mkia wa riveti ufutuke. Riveti ya kipenyo cha inchi 1/8, yaani milimita 3.2, ikigongwa sawasawa mkia wake unatanuka kufikia milimita 4.8 hivi, na kimo chake kinabaki milimita 1.6. Chuma kikiinama kidogo, mkia unalala upande. Mkiigonga mno, unapasuka au bati linavimba. Dawa ni kuitoboa kwa drili na kuanza upya, na ukiteleza na drili, tundu linapanuka hadi riveti ya saizi ile haishiki tena. Saa moja pale itawaambia kama nyinyi wawili mnaweza kuunda bawa pamoja bila kugombana. Zipo pia warsha za kitambaa, mbao, fibaglasi na kuchomelea, na mamia ya mihadhara kutoka kwa watu walioandika vitabu vya injini wenyewe.

Jambo jingine la Oshkosh ni namna ndege zinavyoingia. Marubani hufuata reli kutoka mji wa Ripon hadi kijiji cha Fisk, mmoja nyuma ya mwenzake, futi 1,800 kwa kasi ya noti 90 (maili za baharini kwa saa). Waongozaji wamekaa chini na darubini. Hawaiti ndege kwa namba ya usajili. Wanaiita kwa rangi na umbo lake, na rubani anajibu kwa kutikisa mabawa, bila kuongea. Kisha anaambiwa atue kwenye doa la rangi fulani lililochorwa kwenye njia ya kutua, kwa sababu ndege mbili au tatu zinatua njia moja kwa wakati mmoja. Kwa mwanafunzi wa urubani kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kukaa karibu na njia hiyo asubuhi moja na kusikiliza mawimbi ya mnara ni somo tosha.

Friedrichshafen ni maonyesho ya kibiashara ndani ya kumbi, siku nne za Aprili, Jumatano hadi Jumamosi, mkabala na uwanja wa ndege wa mji huo. Karibu kila mtengenezaji wa ndege nyepesi wa Ulaya yupo, na mnaongea na aliyechora ndege yenyewe, si muuzaji wa duka. Siku mbili zinatosha. Siku ya tatu nendeni jumba la makumbusho la Zeppelin, maana kwenye ziwa Konstanz la hapo ndipo Zeppelin ya kwanza, chombo kikubwa cha angani kinachoelea kwa gesi, ilipopaa tarehe 2 Julai 1900, na la ndege za Dornier liko jirani na uwanja.

Afrika Kusini haina mkutano mmoja mkubwa wa kulinganisha na hiyo miwili. Ina EAA yake, ikiwemo tawi namba 322 la Johannesburg, ina kongamano la kila mwaka ambalo mahali na tarehe zake hubadilika, na ina desturi nzuri ya marubani kukutana asubuhi za wikendi kwenye viwanja vidogo kwa kiamsha kinywa. Kwa hiyo msikate tiketi kabla tarehe za kongamano hazijatangazwa. Yanayobaki mnayajaza wenyewe: makumbusho ya jeshi la anga Swartkop, Pretoria; mahangari ya zamani ya Rand kule Germiston; na kiwanda cha Sling kilichoko Tedderfield, kusini mwa jiji, ambacho mnaweka miadi kabla ya kwenda. Seti za Sling hutumia kwa wingi riveti za kuvuta, zile anazozifunga mtu mmoja kwa mkono mmoja. Kama rafiki yako anaishi Mombasa na wewe Ruaka, tofauti hiyo na riveti ngumu si ndogo.

Futi 5,536

Hapa ndipo watu wanapokosea wakitumia pesa nyingi. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya bahari. Wittman uko futi 808. Friedrichshafen futi 1,367. Rand, Johannesburg, futi 5,483.

Injini isiyo na tabo (turbo) inavuta hewa iliyopo, basi. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu inashuka, bawa linabeba kidogo, na propela nayo inashika kidogo. Injini ya Rotax 912 ULS, inayouzwa kuwa ya nguvu farasi 100, Wilson itawapa takriban 80 siku ya kawaida. Ongezeni joto: nyuzi 28 adhuhuri, ndege pale Wilson inajiona iko zaidi ya futi 8,300. Ndege hiyohiyo mliyoiona ikiruka Oshkosh kwenye nyuzi 28 ilijiona iko futi 2,500 tu. Mlichokishangilia Julai, na watu wawili ndani na mafuta tele, hapa kinaweza kuwa mtu mmoja na nusu tangi.

Ndiyo maana tunasema mnunuzi aanzie Johannesburg. Akipewa safari ya majaribio pale, anachokiona kwenye kipimo cha kasi ya kupaa ndicho atakachokiona nyumbani, ukiondoa tofauti ya joto. Muulizeni muuzaji mambo manne, na muandike majibu papo hapo: mlikuwa na uzito gani wakati wa kupaa, joto lilikuwa nyuzi ngapi, ndege ilitumia mita ngapi kuinuka, na ilipaa futi ngapi kwa dakika. Asiyetaja uzito hajawajibu.

Friedrichshafen na Oshkosh bado zina nafasi kwenye swali hili, kwa upande wa injini. Tabo inasukuma hewa ndani na kurudisha kile ambacho mwinuko umekula. Rotax 915 iS ya farasi 141 hushikilia nguvu zake za kupaa hadi futi 15,000, na 916 iS ya farasi 160 ilitangazwa mwaka 2023. Rotax hutengenezwa Austria, na wataalamu wake huwa kwenye kumbi. Waulizeni kuhusu mafuta. 912 ULS inataka petroli ya okteni 95 kwenda juu. Ikilishwa avigesi (petroli ya ndege) yenye madini ya risasi muda mwingi, risasi huganda kwenye oili na kwenye giaboksi, na oili inabadilishwa kila saa 50 badala ya 100. Fundi wenu wa Wilson au Orly (kiwanja kidogo kusini mwa Nairobi, si kile cha Paris) aingize hilo kwenye hesabu kabla ya kupendekeza injini.

Na kabla ya kulipa amana popote, nendeni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, mkaulize ndege ya kujiundia ya aina hiyo itasajiliwa vipi, nani atakagua hatua za uundaji, na itaruhusiwa kuruka wapi. Seti iliyofika Mombasa bila majibu hayo inageuka kuwa kreti ya bati.

Viza: watu wawili, maombi mawili

Hakuna viza ya marafiki. Kila mmoja anaamuliwa peke yake, na jozi nyingi huvunjika hapa. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, tangu Januari 2023. Anachohitaji ni cheti cha homa ya manjano, kile kitabu cha njano, na chanjo iwe imedungwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Watu hukumbuka chanjo juzi ya kuondoka na kuzuiwa kaunta ya uwanja wa JKIA, Nairobi. Aliyekwisha kudungwa hahitaji kurudia. Cheti kinadumu maisha. Hakikisheni pia pasipoti ina kurasa mbili tupu.

Marekani ndiyo ndefu zaidi. Mnajaza fomu ya DS-160, mnalipa dola 185 kila mmoja ambazo hazirudishwi hata mkinyimwa, halafu mnahojiwa ubalozini Gigiri. Foleni ya miadi huweza kufika miezi kadhaa, kwa hiyo anayelenga Julai aanze Oktoba au Novemba. Fomu inauliza kama kuna unaosafiri nao: andikeni majina ya kila mmoja na uhusiano wenu, kwa tahajia ya pasipoti. Maelezo yenu yafanane kwa tarehe, mahali pa kulala na nani analipa nini. Hapo ndipo huharibika: mmoja anasema wanakaa siku 10, mwingine wiki tatu, au mmoja anakwenda kwa pesa za mwenzake bila barua wala taarifa ya benki ya huyo anayelipa. Pesa nyingi zilizoingia kwenye akaunti wiki moja kabla huleta maswali kuliko akaunti ndogo yenye mshahara unaoingia kila mwezi. Na kila mmoja aweze kueleza mwenyewe Oshkosh ni nini na kwa nini anaenda. Anayesema "rafiki yangu ndiye anayejua" amejinyima mwenyewe.

Kwa Friedrichshafen mnaomba viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Mtego upo hapa: njia nzuri ya kufika inapitia Zurich, na wengi hukimbilia ubalozi wa Uswisi. Ombi linakwenda kwa nchi mnakokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo ni Ujerumani, hata kama mguu wa kwanza unakanyaga Uswisi.

Uingereza tunaitaja kwa sababu moja. Mwenye ndugu London na viza ya utalii tayari anaweza kupanda treni hadi Biggleswade na kuona mkusanyiko wa ndege kongwe wa Shuttleworth uwanja wa Old Warden, wenye ndege halisi ya Blériot ya 1909 ambayo bado huruka mara hali ya hewa ikitulia. Ni siku moja nzuri sana. Ila usifunge safari nzima kutoka Nairobi kwa ajili yake pekee.

Ada na taratibu hizi hubadilishwa na serikali husika, basi kila mmoja athibitishe kwenye tovuti rasmi siku ya kulipa. Na pasipoti zote mbili ziwe mkononi na viza ndipo mkate tiketi isiyorudishika. Andikeni kabisa, hata kwa ujumbe wa simu: mmoja akinyimwa, mwingine anaenda au haendi, na chumba kilicholipiwa ni cha nani. Jozi yenye busara hushikilia Johannesburg kama mpango wa pili wa mwaka huohuo, kwa kuwa haihitaji kusubiri mtu.

Kufika na kulala

Oshkosh haina ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Kenya Airways inawafikisha New York kwa muda wa saa 15 hivi, halafu ndege ya ndani hadi Appleton, iliyo nusu saa kwa gari, au Milwaukee, kama saa moja na nusu. Wengine hupitia Chicago na kuendesha gari kwa saa tatu. Mnapoingia Marekani mnachukua mizigo yenu uwanja wa kwanza, mnapita forodha na kuikabidhi upya, kwa hiyo acheni angalau saa tatu kati ya ndege na ndege.

Vyumba vya hoteli Oshkosh huisha mapema mno. Kuna mambo mawili yanayofaa wawili: bweni la chuo kikuu cha Wisconsin pale mjini, ambalo hukodishwa wiki hiyo, au hema kwenye kambi ya Scholler ndani ya eneo la mkutano. Hema ndilo nafuu, lakini mvua za Julai huko huja na radi na upepo mkali. Mwaka 2010 maji yalijaa hadi mashamba ya kuegesha ndege yakawa matope. Nunueni hema la watu watatu kwa ajili ya wawili, vigingi virefu vya chuma, na muache nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Gari la kukodi linadai kadi halisi ya benki yenye jina la dereva na hushika amana juu yake. Kadi ya mtandaoni ya simu hailitoi gari. Anayeendesha abebe kibali cha kimataifa cha udereva, na akumbuke wanaendesha kulia.

Kwa Friedrichshafen, Lufthansa inaruka Nairobi hadi Frankfurt, kisha treni kupitia Ulm, muda wa saa nne hivi. Mkishukia Zurich, treni inawapeleka Romanshorn, mnavuka ziwa kwa feri chini ya saa moja. Vyumba mjini hupanda bei wiki hiyo. Laleni Ravensburg na mje kwa treni asubuhi.

Johannesburg ni saa nne angani. Barabarani wanaendesha kushoto kama sisi, na leseni yetu inasomeka kwa Kiingereza. Kodini gari, kwa sababu viwanja vidogo havifikiwi na matatu wala treni. Msisafiri usiku kati ya uwanja na malazi. Kati ya Juni na Agosti asubuhi huwa na baridi kali, wakati mwingine chini ya sifuri, na ndizo saa ndege zinaruka vizuri zaidi. Bebeni jaketi nzito.

Redio na mizigo ya kurudi

Redio ndogo ya kusikiliza mawasiliano ya anga inaruhusiwa Marekani, na huko Oshkosh redio hiyo inauzwa palepale. Uingereza na Ujerumani sheria haimruhusu mtu wa kawaida kusikiliza masafa hayo, kwa hiyo kwa safari ya Ulaya, redio iacheni nyumbani. Betri za lithiamu na pawabenki zinakaa begi la mkononi, kila moja isizidi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 shirika liombwe kwanza, na juu ya hapo hazipandi ndege ya abiria.

Resini, gundi ya epoksi, rangi na dawa ya kitambaa hazisafiri kwenye ndege, hata mkizificha katikati ya nguo. Nyingi zinashika moto. Bunduki ya riveti, drili, misumeno na bisibisi ndefu ziende kwenye begi la kukabidhi. Saa za ndege (vipimo vya kwenye dashibodi) na vifaa vya redio vifungieni kwenye nguo ndani ya begi la mkononi. Kioo cha saa ya mwinuko hakivumilii wapakiaji. Gawaneni vitu vya bei kati ya mabegi mawili, kila mmoja na risiti zake zenye jina lake, na mkifika JKIA mvitangaze. Ofisa wa forodha akiona risiti, anakadiria kwa bei mliyolipa. Asipoiona, anakadiria mwenyewe.